Jiwe la Mama Mkwe

Wiki nzima Telesphor alikuwa anafundishwa kukimbia.

Mwalimu wake alikuwa Nyanzala, mchumba wake. Mama mkwe wa kufanyia mazoezi alikuwa Pacifique, mwanaume wa miaka arobaini na miwili mwenye ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia, ambaye kila jioni alijifunga kanga juu ya ovaroli lake lenye vumbi la mawe na kutembea akitikisa kiuno kama bata aliyeshiba pumba. Pale kwenye karakana yao ya mawe, mtaa wa Shanwe mjini Mpanda, Pacifique alikuwa anajitokeza ghafla nyuma ya mabamba ya graniti, na Telesphor alitakiwa ageuke upesi, ainamishe uso, na akae hivyo mpaka "mama" apite.

"Umechelewa!" Nyanzala alisema jioni ile ya Ijumaa, akicheka mpaka akashika mbavu. "Umeshamwona uso. Hapo mama yangu kashajifunika na anauliza huyu kalelewa na nani."

"Mimi nimeona ndevu tu."

"Rudieni tena."

"Mimi mama mkwe nimechoka," Pacifique akalalamika. "Nina kipande cha kupolishi. Na hii kanga inanibana."

Masharti hayakuwa mengi, lakini hayakuwa na mlango wa nyuma. Katika ukoo wa Mzee Malale, baba yake Nyanzala, Wasukuma waliohamia Litapunga na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, mkwe wa kiume na mama wa binti hawapeani mkono. Hawatazamani. Hawataniani. Hawali pamoja, hata njaa iwe ya kuua. Na jikoni kwa mama mkwe, mkwe haingii. Nyanzala aliapa kwamba mjomba wake mmoja aliwahi kuzima moto uliowaka jikoni kwa mama mkwe wake akiwa amesimama nje, akimwaga maji kupitia dirishani ndoo baada ya ndoo, macho ameyafumba, na nusu ya maji yakaishia kwa jirani.

"Yaani namheshimu kwa kumkimbia," Telesphor alisema.

"Unamheshimu kwa kumwachia nafasi yake." Nyanzala akaacha kucheka. Akamsogelea, akampangusa vumbi jeupe kwenye nyusi kwa kidole gumba, taratibu, jicho moja kisha la pili. "Teles, baba hakutaki. Unajua. Anasema Mpimbwe kama wewe hana ng'ombe, ana mpunga, na mpunga hauwezi kuuswaga ukautoa kwenye ukame. Ni mama tu aliyesimama upande wetu. Hajawahi kukuona, lakini miezi minane anakutetea usiku na mchana. Jumapili ukija kwetu kuposa, nikosee mimi, mkosee baba, wakosee wazee wote. Mama usimkosee."

"Simkosei."

"Sema tena."

"Nyanzala, simkosei mama yako."

Alimtazama kwa yale macho yake makubwa yaliyotulia, ambayo Telesphor alikuwa anaamini yangeweza kupasua bamba la graniti bila msumeno. Wakasimama hivyo muda mrefu kiasi kwamba Pacifique alivua kanga, akaikunja, akaenda kupolishi kipande chake.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi, saa tano asubuhi, mama mwenyewe aliingia karakanani kwa miguu yake.

Sasa wewe msomaji usikimbilie kumlaumu kijana wa watu. Yeye alikuwa anamsubiri mama mkwe wa Jumapili, kule Litapunga, katikati ya wazee, amekaa mkekani na uso umefunikwa nusu. Jina la mama huyo alikuwa halijui, maana Nyanzala ni mtoto aliyelelewa, halitaji jina la mzazi ovyo. Na mama naye hakujua kitu. Nyumbani Nyanzala alikuwa amesema mchumba wake anafanya kazi ya ujenzi, basi. Angesema anauza mawe, Mzee Malale, ambaye mawe anayo shambani bure na hajapata wa kumwondolea, angecheka mpaka ng'ombe wakate kamba.

Kwa hiyo aliyeingia alikuwa mteja tu. Mwanamke mrefu, kitenge cha bluu, kanga begani, viatu vya plastiki, simu imening'inia shingoni kwa kamba.

"Hodi wenye mawe."

"Mwangaluka, mayu!" Telesphor alimjibu, kwa ile salamu ya Kisukuma aliyofundishwa.

Mama akasimama. Uso ukachanua. "Mwangaluka, baba! Kumbe unajua lugha?"

"Najua salamu, na neno jingine moja."

"Lipi?"

"Ng'ombe."

"Ee, basi hayo mawili yanakutosha kuishi kwetu mpaka uzeeke. Nani kakufundisha?"

"Kuna mtu mmoja."

"Ana subira huyo."

"Ana macho, mama. Akinitazama hata hiyo salamu naisahau."

Mama alicheka kicheko cha tumboni, akaweka mkoba wake juu ya bamba la jiwe kama mtu aliyefika kwake. Akajitaja kuwa anaitwa Mariana, akaeleza shida yake. Wanawe wamemjengea nyumba Kawajense, wamemwekea jiko la kisasa, makabati, sinki, bomba la ndani. Limebaki jiwe la kulaza juu ya makabati. Ameambiwa aende Shanwe akachague.

"Na mimi nimeshachagua. Nataka lile." Akanyoosha kidole kwenye bamba la marumaru nyeupe, lililosimama ukutani likiwa na mishipa ya kijivu kama mawingu ya Machi.

"Mama, hapa kwetu jiwe halichaguliwi kwa macho."

"Linachaguliwa kwa nini, kwa pua?"

"Kwa mboga."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Telesphor, na ndio uliompa jina mjini. Uani kwake kulikuwa na meza tatu fupi, kila moja ina jiwe lake juu: marumaru nyeupe, graniti nyeusi, na terazo aliyoimimina mwenyewe kwa kokoto za rangi. Kando kulikuwa na jiko la mkaa, kisu, vyombo, chumvi. Mteja hapewi bei kabla hajapika. Anakata nyanya pale, anamwaga mafuta pale, anaweka sufuria ya moto pale, halafu anakula palepale na fundi, ndipo anasema jiwe lipi ni lake. Watu wa Mpanda wanasimulia kuwa mke wa mkandarasi mmoja alikaa siku nne akionja mawe, akaondoka ameongezeka kilo tano na hajanunua hata kigae.

"Nije dukani nipike?" Mama Mariana alishangaa. "Mimi mteja?"

"Jiwe utakaa nalo kuliko mume. Mume mwenyewe ulimwonja?"

"Wewe kijana!" Alimpiga begani na ncha ya kanga. "Una mdomo wewe. Leta hicho kisu."

Pacifique akaleta migebuka miwili, samaki wabichi, kutoka kwa mama wa genge. Mama akachuchumaa kutafuta pa kuanzia, kama alivyozoea, na Telesphor akamzuia.

"Hapana, mama. Simama. Weka mkono hivi, ukunje kama unakata kitunguu. Enhe." Akachukua futi, akapima kutoka chini mpaka kwenye kiwiko cha mama, akapunguza upana wa kiganja kimoja. Kisha akainua lile bamba la graniti, akachomeka vipande vya mbao chini yake, kimoja, kingine, mpaka jiwe likafika pale lilipotakiwa kufika. "Kata sasa."

Mama akakata kitunguu. Akakata cha pili. Akasimama na kisu hewani.

"Mgongo hauumi," alisema.

"Hautakiwi kuuma."

"Miaka arobaini nimepika nimeinama, fundi. Nilidhani haya maumivu niliumbwa nayo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akakata cha tatu, polepole, kama mtu anayesikiliza kitu. "Nilidhani ndivyo mwanamke anavyotakiwa kuumwa."

Telesphor alitazama pembeni kwa heshima, akampa nafasi ya kupangusa macho, na mama akasingizia vitunguu.

Walipika. Walipima mawe. Mama akakamua limau juu ya ile marumaru aliyoipenda, wakaliacha likae wakati samaki wanaiva. Alipofuta kwa kitambaa, pale palipokuwa na limau pamebaki duara lililofubaa, kama jicho la mzee.

"Limelambwa!" mama alipiga kelele.

"Limau linakula marumaru. Hilo ni jiwe la watu wasiopika, mama. Wanapiga nalo picha."

"Na lile la kokoto?"

"Terazo ni nzuri, nafuu, lakini usipoipaka dawa yake kila mwaka manjano yanaingia na hayatoki. Hili jeusi ndilo halijali. Sufuria ya moto weka, limau mwaga, kisu kikateleze."

Mama alilitazama bamba la graniti kwa mashaka. "Jeusi hivi? Si ndilo mnalowekea watu makaburini? Nitapikaje ugali juu ya kaburi?"

"Kaburi ndilo lililoiga jiko, mke wangu."

Hilo neno lilitoka hivihivi. Kwa Telesphor ulikuwa utani wa kila siku, mteja wa kike akishavuka miaka hamsini anaitwa mke wangu, na huwa wanafurahi, wananunua, wanarudi. Mama Mariana akaliokota palepale.

"Mke wako? Unamjua mume wangu wewe? Ana ng'ombe mia tatu na wivu mia nne."

"Namwachia ng'ombe wote. Mimi nachukua mmoja tu, huyu anayekata vitunguu."

"Lafudhi yako tu inakusema, Mpimbwe mkubwa wewe! Utanilisha nini? Nyie mnalima mpunga mnauza wote, mnabaki kunusa magunia."

"Pacifique, umesikia? Hata hatujafunga ndoa ananitukana."

"Nimesikia," Pacifique akajibu kutoka kwenye msumeno. "Na samaki wanaungua."

Ugali ukawekwa katikati ya lile jiwe jeusi, sahani moja ya samaki, na wakala wamesimama, uso kwa uso, mkono wa huyu na mkono wa yule. Telesphor akamega nyama ya mgongo, isiyo na mwiba, akaichovya kwenye mchuzi, akainyanyua.

"Fungua mdomo, mke wangu. Niambie kama chumvi imekaa."

Mama alifungua mdomo, akalishwa, akatafuna huku anacheka na macho yamejaa maji. "Imekaa, mume wangu. Imekaa." Akajipangusa. "Ukweli nakwambia, fundi, sijacheka hivi tangu mvua zilipoanza. Mwanamke atakayekupata wewe amepata mtu. Nina binti, ungekuja mapema ningekupa. Kuna kijana kamuwahi."

"Na mimi nimewahiwa, mama. Siku yangu ya kwenda ukweni imekaribia. Niombee."

"Nakuombea, mwanangu. Yeyote atakayekukataa wewe, huyo hana macho."

Hapo ndipo Nyanzala alipoingia uani.

Alikuwa ametoka kwenye duka la dawa za mifugo alikokuwa anafanya kazi, ameomba ruhusa ya nusu saa, na mkononi alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, la kesho. Alikuwa ameanza kusema kabla hajafika. "Teles, lile la mikono mirefu nimelipata, jaribu nione kama..."

Akaona jiwe. Akaona sahani moja. Akaona mkono wa Telesphor wenye mchuzi na mdomo wa mwanamke wenye mchuzi.

"Mama," alisema.

Telesphor alidhani anamsalimia tu, kama mtu mwenye adabu anavyomsalimia mtu mzima. Akageuka kumtambulisha mteja wake. Ndipo akaona, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kwamba macho makubwa yaliyotulia yalikuwa manne pale uani.

"Teles?" mama aliuliza taratibu. Hakumuuliza yeye, alimuuliza binti. "Telesphor?"

Nyanzala alitikisa kichwa kukubali.

Mama akashusha mkono wake kutoka kwenye sahani kama mtu aliyegundua amemshika nyoka. Akaivuta kanga kutoka begani, akaipandisha, akajifunika uso mzima, akageuka, akasimama akitazama ukuta. Na Telesphor naye akageuka. Aligeuka vizuri safari hii, shingo imeinama, mikono imekunjwa, kama alivyofundishwa wiki nzima. Hata Nyanzala angempa maksi zote. Wakasimama hivyo, migongo miwili na katikati yake ugali unapoa.

"Mungu wangu," Pacifique akasema, akauzima msumeno.

Aliyeanza kusema ni mama, kwa sauti nyingine kabisa, sauti kavu ya barazani.

"Wewe mwenye ndevu. Njoo hapa katikati. Mwambie huyo kijana kwamba sikujua."

Pacifique akaja akasimama kati yao, hatua mbili kwa huyu, hatua mbili kwa yule. "Mama anasema hakujua."

"Nimesikia, Pacifique."

"Hujasikia mpaka mimi niseme. Ndivyo inavyokuwa, nimekuwa mama mkwe wiki nzima, najua." Akamgeukia Telesphor. "Hakujua."

"Mwambie na mimi sikujua. Mwambie naomba msamaha mpaka chini."

"Anaomba msamaha, mama."

"Mama," Nyanzala akapiga magoti mbele ya ile kanga. Lile shati bado lilikuwa mkononi. "Si kuna faini? Mjomba alipomshika mama mkwe wake mkono kwa bahati mbaya alitoa mbuzi. Teles atatoa mbuzi. Atatoa kumi."

"Mjomba wako aliteleza," mama alisema kutoka ndani ya kanga. "Ukimgusa mkono, mbuzi. Mkitazamana, mbuzi. Huyu kanipima mwili kwa futi, Nyanzala. Kaniita mke wake, nami nikamwitikia mume wangu. Kanilisha kwa mkono wake. Mbuzi wa kulipa hilo hajazaliwa, na mama yake hajazaliwa."

"Hakuna aliyeona! Ni sisi wanne. Pacifique hawezi kusema."

"Hata mkinikata kwa huo msumeno," Pacifique alisema.

"Kesho wazee wataniuliza," mama akasema. "Unajua wataniuliza. Kwetu neno la mgeni halipokelewi mpaka mama wa binti aulizwe: huyu mtu umewahi kula naye? Baba yako atakuwa amekaa pale, masikio wima, miezi minane anatafuta sababu. Nitasema nini?"

"Utasema hapana."

"Halafu?"

"Halafu tutaoana."

"Halafu mtazaa. Halafu mtoto ataumwa homa, mtoto wa kawaida, homa ya kawaida, na mimi nitakaa kitandani kwake nikijua ni ule uongo wangu. Kila jino litakalomuuma ni mimi. Kila mimba itakayotoka ni mimi. Hapana, mwanangu. Mimi uongo wa kumficha baba yako bei ya kitenge ninauweza. Huo siuwezi."

Nyanzala aliinuka. Akazunguka lile jiwe, akaja akasimama mbele ya Telesphor, karibu kabisa, kiasi kwamba Telesphor alilazimika kumtazama.

"Nilikwambia nini jana?"

"Ulisema nisimkosee."

"Wote ungewakosea, Teles. Wote."

"Twende," Telesphor alinong'ona. "Sasa hivi. Gari ya Kigoma ipo, ya Sumbawanga ipo. Mawe yapo kila mahali, nitakata kokote. Nyanzala, twende."

Alimwona akiifikiria safari nzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na akamwona akiimaliza na kurudi.

"Kama ni baba aliyekataa ningekimbia," alisema. "Ningekimbia bila viatu. Lakini mama hajakataa. Mama anakupenda, humwoni? Nitamkimbiaje mtu anayelia upande wangu?"

Nyuma yake Telesphor alisikia kweli mtu analia, kwa sauti ndogo ya mwanamke aliyezoea kulia bila kuwaamsha watoto.

Mama alijikusanya. Alipenga kamasi kwenye kanga. Alipoongea tena, maneno yake yalikuwa ya biashara kabisa, na ndiyo yaliyomchoma Telesphor kuliko yote.

"Wewe mwenye ndevu. Mwambie fundi nimechagua. Hili jeusi. Jumatatu aje Kawajense na futi yake, aingie jikoni apime, akate, anifungie. Yeye mwenyewe. Nimeambiwa mjini hapa hakuna mwingine wa kumwamini."

Pacifique alifungua mdomo akaufunga. Hata yeye, Mha wa mbali aliyejifunza mila hizo kwa kuvaa kanga, alielewa. Fundi anaingia jikoni. Mkwe haingii. Mama alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, mlango wa heshima, bila kelele na bila wazee: uwe fundi wangu, mwanangu, nikuone, tucheke, tule, na yale mengine yaishe kama hayakuwepo. Angekuwa na mama mwenye kicheko kile. Angekuwa na kazi. Na kila siku ambayo angekanyaga jikoni mle ingekuwa ni sahihi yake kwamba Nyanzala si wake na hajawahi kuwa.

Nyanzala alikuwa ameelewa kabla ya wote. Alimtazama tu. Hakumwomba aende, hakumwomba asiende. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa, na Telesphor alitamani sana kumpangusa kwa kidole gumba, jicho moja kisha la pili.

"Anasema Jumatatu..." Pacifique akaanza.

"Pacifique, mwambie mama," Telesphor alisema, na alishangaa kusikia sauti yake ipo. "Mwambie jiwe nitampa, alichukue leo, bure. Lakini Jumatatu siendi. Mwambie mimi siwezi kuingia jikoni kwake."

Pacifique akamgeukia mama, na Telesphor akaongeza:

"Mwambie siwezi kuingia mpaka nife."

Pacifique hakusema. Hakukuwa na haja. Mabega ya mama chini ya kanga yaliinuka mara moja, yakashuka.

"Mwambie nimesikia," alisema hatimaye. "Mwambie jiwe sichukui. Atakayelifunga atakuwa nani? Jiko langu litakaa hivyohivyo." Akapapasa mkoba wake bila kugeuka. "Na mwambie kesho asije. Asimpe Mzee Malale nafasi ya kumtoa mbele ya watu. Nitasema mwenyewe, nitasema vizuri. Nitasema alikuwa mtu mzuri na kosa ni letu sote. Nyanzala, nishike mkono, sioni njia."

Nyanzala alimshika mama yake mkono. Shati aliliweka juu ya jiwe, mbali na mchuzi, akalinyoosha kola kama vile kuna mtu atakayelivaa. Kisha wakatoka, mmoja amefunikwa uso, mwingine ameuacha wazi, na huyo wa pili hakugeuka nyuma. Telesphor alijua hatageuka. Angegeuka asingetoka.

Pacifique alimwaga ugali kwa kuku. Akafuta lile jiwe jeusi, na kwa kuwa ni graniti, halikubaki na alama yoyote.

Jumapili mama aliulizwa na mama alisema. Mzee Malale, wanasimulia, hakucheka wala hakufoka. Aliwaomba wazee wanywe chai, akatoka nje kuhesabu ng'ombe ambao hawakuwa wamepotea. Wiki hiyohiyo Nyanzala aliacha kazi dukani. Namba yake ya simu ikawa haipatikani, halafu ikawa ya mwanaume mmoja wa Inyonga ambaye Telesphor alimpigia mara tisa kabla ya kuamini.

Mvua zikaisha. Marumaru nyeupe ikanunuliwa na mtu wa hoteli. Telesphor akaziondoa zile meza tatu uani. Akawa anauza mawe kama watu wengine, kwa macho na kwa bei. Wanawake wa makamo wakaanza kusema yule fundi amekuwa na majivuno.

Siku moja ya Agosti, Telesphor na Pacifique walikuwa sokoni mjini wananunua misumari. Watu walikuwa wengi, jua kali. Ghafla, mbele kwenye ile njia nyembamba kati ya wauza dagaa na wauza nguo, Telesphor akaona kitenge cha bluu na simu iliyoning'inia shingoni kwa kamba.

Hakufikiri. Alitoka njiani, akaingia kati ya magunia, akageukia ukuta wa duka, akainamisha kichwa. Alisimama pale na watu wakimsukuma, mwanaume mzima anatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Hakuwa mkwe wa mtu. Alisikia viatu vya plastiki vikikaribia, vikasita nyuma yake, kidogo tu, kisha vikaendelea.

Alisubiri mpaka akahesabu mia moja, akageuka.

"Alijifunika?" alimuuliza Pacifique.

"Alijifunika." Pacifique alikuwa ameshika mfuko wa misumari kwa mikono miwili. "Uso wote. Kapita kipofu kati ya dagaa."

Telesphor alitabasamu, mara ya kwanza kwa miezi mingi. Kidogo tu, kama mtu aliyepewa tone la maji. Ndipo akauona uso wa mwenzake.

"Nini?"

"Alikuwa ameshikwa mkono na Nyanzala mwenyewe, Teles. Si nakwambia alikuwa haoni njia."

Pacifique akaushusha mfuko wa misumari chini.

"Alisimama nyuma yako. Wewe ungegeuza shingo tu. Alinyoosha mkono hivi, kama anataka kukupangusa vumbi mgongoni, halafu mama akamvuta."

Njia ilikuwa imeshajaa watu wengine. Telesphor aliitazama yote, kutoka kwenye dagaa mpaka kwenye nguo, mpaka mwisho ambako jua lilikuwa linawaka juu ya mabati na hakuna aliyesimama.

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Alivaa nini?"

Pacifique alifikiri kwa bidii, maana alijua atakachosema kitakaa na mtu huyu miaka mingi, na hakutaka kukosea.

"Kijani," alisema. "Na kilemba cheupe."

"Kijani," Telesphor alisema.

Wakachukua misumari yao wakarudi Shanwe.